Kampuni si baba: namna kampuni changa ya teknolojia inavyojenga tabia na maadili ya kazi

Luano inajulikana zaidi kwa sababu ya uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Iko upande wa kaskazini-mashariki ya mji, na nyumba zinazidi kusogea huko. Kwa vijana wanaotaka kufungua kampuni ndogo ya programu za kompyuta au za simu, nyumba ya pembeni ya mji inaweza kutosha kabisa. Wanahitaji meza, kompyuta, koneksio, na jenereta au paneli za jua kwa siku ambazo umeme umekatika.

Siku za kwanza hakuna anayezungumzia maadili ya kazi. Watu ni wachache, wanakula pamoja, na kazi ikiwa nyingi wanalala hapohapo. Mkubwa anasema: «Huku sisi ni familia.» Kila mtu anafurahi. Maneno hayo yanapimwa baadaye: siku mteja amechelewa kulipa, siku mfanyakazi ameharibu kitu kikubwa, siku mmoja wao anaambiwa aende.

Makala hii inaeleza namna kampuni ya teknolojia inayokua inavyojenga tabia yake ya kazi. Mifano inatoka Katanga yenyewe, Kenya, na nchi za mbali. Jambo moja linarudi karibu kila mahali: ahadi iliyoandikwa na kutimizwa inamlinda mfanyakazi, na inailinda hata kampuni, kuliko neno «familia».

Tabia ya kazi ni nini?

Kila kampuni ina tabia yake, hata ile ambayo haijaandika kitu. Tabia ya kazi ni yale ambayo watu wanafanya bila kuambiwa: wanafika saa ngapi, nani anasema katika mkutano na nani ananyamaza, kama habari mbaya inafika kwa mkubwa siku hiyohiyo au baada ya mwezi. Maadili ni yale ambayo kampuni inasema inayaamini. Vitu hivi viwili vinaweza kwenda pamoja. Vinaweza pia kuachana kabisa.

Mfano unaojulikana ni Uber, kampuni ya Marekani inayounganisha abiria na madereva kwa simu. Mwaka 2015 ilijiandikia maadili 14. Moja lilisifu mtu asiyeogopa kukanyaga wenzake miguu ili wazo lake lipite. Mwezi wa pili 2017, injinia aliyekuwa ameacha kazi hapo, Susan Fowler, aliandika hadharani namna mkubwa wake alivyomsumbua kwa mambo ya kingono. Alieleza pia kwamba ofisi ya wafanyakazi haikumchukulia yule mkubwa hatua ya maana, kwa kuwa alihesabiwa kati ya wanaofanya kazi vizuri. Mwezi wa sita mwaka huohuo, mkurugenzi Travis Kalanick alijiuzulu. Mwezi wa kumi na moja, mkurugenzi mpya, Dara Khosrowshahi, alitangaza maadili mengine.

Funzo ni rahisi. Wafanyakazi hawajifunzi maadili kwa kusoma karatasi ya ukutani. Wanaangalia nani anachukuliwa kazi, nani anapandishwa cheo, na nani anavumiliwa hata akikosea wenzake. Wakiona mtu anayedharau wengine anapewa primu kila mwisho wa mwaka, wameisha elewa. Karatasi inaweza kubaki ukutani, hakuna atakayeisoma.

Katanga ilikwisha kuona: Union Minière na Gécamines

Vijana wa kompyuta wanaweza kufikiri kwamba mambo haya ni mapya. Si mapya. Katika wakati wake, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa kampuni ya teknolojia ya kisasa: tanuri za shaba, mashine kubwa, umeme wa maporomoko ya maji. Ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri zake za Lubumbashi zilitoa shaba ya kwanza. Mwanzoni wafanyakazi walichukuliwa mbali, wakafanya kazi kwa kontra fupi, kisha wakarudi kwao. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka. Kila mara kampuni ilianza upya kufundisha watu.

Kuelekea mwaka 1928 ilibadilisha njia. Ilileta kontra za miaka mitatu, ikataka mfanyakazi aje na mke wake na watoto wazaliwe kambini. Ilijenga nyumba, hospitali na maternite. Shule ziliendeshwa na wamisionari. Posho ilihesabiwa kwa mfanyakazi, kwa mke na kwa watoto. Mmoja kati ya waliopanga siasa hiyo ni daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alitoa kitabu cha kuieleza. Matokeo yalionekana. Vifo vilipungua, watu walibaki kazini miaka mingi, na ufundi ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyepoteza kazi alipoteza nyumba pamoja na posho. Sefu wa kambi aliingilia hata mambo ya ndani ya familia. Kampuni ilijiweka kama baba, ikamwona mfanyakazi kama mtoto wa kulelewa. Na mtoto hajadiliani na baba juu ya mshahara.

Njo maana mwaka 1941 mambo yaliharibika. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, mishahara ya Weusi ilikuwa midogo, na hapakuwa na njia ya halali ya kusema. Mwezi wa kumi na mbili wafanyakazi waligoma. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Makumi ya watu waliuawa. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Ilingojwa mpaka mwaka 1946 ili serikali ya kikoloni iruhusu Waafrika kuwa na sendika, na hata hapo chini ya ulinzi mkali.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni mpya ya taifa ikajulikana kwa jina la Gécamines. Watu waliendelea kuiona kama baba na mama. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kufika mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Katikati hapo mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mashine zilizeeka bila kutengenezwa, na kati ya mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, pamoja na mafundi wengi wa kampuni.

Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, Gécamines ilianza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao. Jina alilokipa linasema wazi: ni watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Hii haimaanishi kwamba hakuna jema lililofanyika. Watu wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walizaliwa katika hospitali za kampuni na kusoma katika shule zake. Shida ilikuwa kwamba mema yote yalishikwa na mkono mmoja. Baba alipoishiwa, hakuna kilichobaki mkononi mwa mtoto.

Kutoka watu sita hadi watu thelathini

Chukua mfano wa kubuni. Vijana sita wako Luano, wanatengeneza programu ya kufuatilia malori ya shaba kutoka Kolwezi mpaka mpaka wa Kasumbalesa. Watu sita wana uhusiano wa wawiliwawili 15. Kila mmoja anamjua mwenzake, anajua nani ana mtoto mgonjwa, nani anajua kweli kazi ya seva. Hakuna haja ya kuandika.

Miaka miwili ikipita, wateja wameongezeka na watu wamekuwa 30. Sasa uhusiano wa wawiliwawili umefika 435. Mkubwa hawezi tena kuuona wote. Mfanyakazi wa 28 hakuwepo siku ile walipokubaliana kwamba hakuna kumdanganya mteja juu ya lori lililopotea. Anajifunza kwa yule aliyekaa karibu naye. Huyo jirani akiwa na tabia mbaya, njo tabia ya kampuni atakayoijua.

Kwa hiyo watu kumi wa kwanza wana uzito mkubwa kuliko maandishi yoyote. Na hapo ndipo kampuni nyingi zinaponaswa. Kazi zinapatikana kwa shida, kwa hiyo mkubwa anasukumwa na familia: mchukue huyu, ni mtoto wa mjomba wako, mchukue yule, ni wa kwetu. Kuchukua ndugu anayejua kazi si kosa. Kosa ni kuwa na sheria mbili: moja ya ndugu, nyingine ya wengine. Yaliyotokea mwaka 1992 na 1993 yalionyesha hasara ya kupima fundi kwa asili yake: mtu akifukuzwa, ujuzi wake unaondoka naye, na mashine haiulizi kabila.

Dawa inayotumika katika kampuni nyingi ni ya kawaida. Kila anayeomba kazi anapewa jaribio lilelile. Watu wawili au watatu wanalisahihisha bila kuona jina. Mkubwa mwenye ndugu kati ya waombaji anatoka katika chumba. Hayo yanaandikwa kwenye ukurasa mmoja na kila mtu anaujua.

Safaricom: neno linapogeuka kitendo

Kenya ina mfano wa kampuni iliyokua haraka sana. Michael Joseph aliposhika uongozi wa Safaricom mwaka 2000, wateja walikuwa chini ya 20,000. Alipoondoka mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 16.

Moja ya maamuzi ya mwanzo ilikuwa kuhesabu bei ya simu kwa sekunde. Mshindani wake wa wakati huo, Kencell, alihesabu kwa dakika. Kwa tajiri, tofauti ni ndogo. Kwa mama anayeuza mboga, anayetaka tu kuuliza kama gari la mzigo limefika, sekunde 12 na dakika nzima si kitu kimoja. Kampuni yoyote inaweza kuandika ukutani kwamba mteja mdogo ana thamani. Hapa neno liliwekwa ndani ya mashine ya kuhesabu bei, na kila mfanyakazi akaliona kila siku.

Mfano wa pili ni M-Pesa. Jaribio lilianza mwezi wa kumi 2005, Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo la Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walifikiri watu wataitumia kulipa madeni yao madogo. Watu walifanya mambo mengine. Walitumiana pesa, wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Timu iliangalia yanayofanyika kweli, ikabadilisha mpango, na mwezi wa tatu 2007 Safaricom ikaifungua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2012 Vodacom ilileta M-Pesa Kongo, na leo mtu wa Lubumbashi au Bukavu anaifahamu bila maelezo.

Jambo hilo linagusa tabia ya kazi moja kwa moja. Habari kwamba watu hawatumii chombo kama ilivyopangwa inaonekana kwanza na wadogo: mtu wa dukani, mtu wa simu za wateja, stajiere anayesoma namba. Kama wadogo wanaogopa kuipeleka juu, kampuni inaendelea kutengeneza kitu ambacho hakuna anayekihitaji, mpaka pesa iishe.

Kosa likitokea

Katika kazi ya programu, kosa litatokea tu. Swali ni nini kinafuata.

Usiku wa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, injinia mmoja wa GitLab, kampuni ambayo waandishi wa programu wanahifadhi kazi zao kwake, alikuwa akitengeneza shida ya seva. Alifuta data kwenye seva ambayo hakupaswa kuigusa. Walipotafuta nakala za akiba, waliona kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Data za saa sita hivi zilipotea. Kampuni ilisema yote hadharani, hata ikaonyesha moja kwa moja kwenye intaneti namna ilivyokuwa ikirekebisha. Yule injinia hakufukuzwa. Uchunguzi uliuliza: kwa nini nakala za akiba hazikuwa zinakaguliwa? Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuchanganya seva mbili?

Huku kwa Wakongo kuna ugumu wa pekee. Kijana anamwita mkubwa wake «Papa» au «Vieux», na mkubwa mwanamke ni «Mama». Ni heshima nzuri, na hakuna sababu ya kuitupa. Lakini mtu hamwambii Papa mbele ya watu kwamba amekosea. Hata kosa lake mwenyewe kijana analificha, asionekane hana adabu au hajui kazi. Kwenye seva, kosa lililofichwa Ijumaa jioni linaweza kuamka Jumatatu likiwa limekula data ya wateja wote.

Njia moja ni kuacha heshima ibaki katika salamu, na kufungua fasi maalum ya kusema ukweli. Kila wiki, saa moja, timu inasoma daftari la makosa. Mkubwa anaandika la kwake kwanza. Mazungumzo yanaanza na «nini kilitokea?», hayaanzi na «nani alifanya?». Aliyesema kosa lake mapema hakatwi pesa wala hachekwi. Aliyeiba, au aliyeficha kwa makusudi, hilo ni jambo lingine na lina sheria zake. Watu wakiona tofauti hiyo inaheshimiwa miezi mitatu mfululizo, wataanza kusema.

Mwisho wa mwezi

Hakuna siku inayoonyesha maadili ya kampuni kama siku ya mshahara. Kampuni ndogo inayofanyia kazi kampuni kubwa ya migodi inaweza kungojea faktire yake siku 60 au 90. Wafanyakazi hawawezi kungoja hivyo. Wana kodi ya nyumba, minervali ya watoto, unga.

Rudi kwa ile kampuni ya mfano ya Luano. Mteja amechelewa, na pesa iliyopo inatosha nusu tu ya mishahara. Mkubwa ana njia nyingi. Anaweza kuzima simu na kusema yuko safarini. Anaweza kulipa marafiki zake kwa siri. Anaweza pia kuwaita watu wote siku kumi kabla, kuwaonyesha namba, kulipa kwanza wenye mishahara midogo, kuacha ya kwake mwisho, na kuandika tarehe ya kulipa iliyobaki. Pesa ni ileile. Lakini baada ya mwezi huo, zitakuwa kampuni tofauti kabisa.

Uamuzi wa aina hiyo hautakiwi kutafutwa usiku wa tarehe 30. Unaandikwa mapema, wakati hali bado ni nzuri: nani analipwa kwanza, akiba ya miezi mingapi inawekwa kabla ya kununua gari la mkubwa, nani anaruhusiwa kuona hesabu. Mambo madogo yanaingia pia. Mfanyakazi akiambiwa afanye kazi nyumbani, nani analipa mega? Umeme ukikatika mtaani siku nzima, saa hizo zinahesabiwa vipi? Anayeamshwa usiku kwa sababu seva imezima, anapata saa za kupumzika kesho yake? Kampuni inayosema «heshima» na haina jibu la maswali haya bado haijasema kitu.

Siku ya kuagana

Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka 2015 na Kampala baadaye. Ilichukua vijana wa Afrika, ikawafundisha programu, ikawaunganisha na kampuni za nje. Maadili yake yalijulikana sana kati ya vijana: ubora, ari, uaminifu, kushirikiana. Mwezi wa tisa 2019 ilitangaza kwamba inaachisha kazi vijana wapatao 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa kuwa wateja walikuwa wanatafuta watu wenye ujuzi wa juu. Kampuni ilieleza sababu hadharani na kusema itawasaidia kutafuta kazi nyingine. Hata hivyo pigo lilikuwa kubwa, maana wengi walikuwa wamejiona ni watu wa nyumbani.

Netflix, kampuni ya filamu ya Marekani, ilichagua kusema mapema. Mwaka 2009 ilitoa hadharani maandishi ya maadili yake. Humo ilisema wazi kwamba kampuni ni kama timu ya michezo, si familia, na kwamba mfanyakazi wa kiwango cha kati ataachishwa na kupewa pesa nzuri ya kuondokea. Wengi waliona ukali ndani yake, kwa sababu mtu anaweza kuishi na woga kila siku. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba alidanganywa.

Kampuni changa ya Lubumbashi haina pesa za Netflix. Inaweza kuchukua lile jambo la kusema wazi tangu siku ya kuingia. Mtu ajue kontra yake inaishaje, atapewa taarifa siku ngapi kabla, atapata karatasi gani ya kuonyesha kwamba alifanya kazi hapo. Wanaobaki wanaangalia namna anayeondoka anavyotendewa, kwa sababu wanajua zamu yao inaweza kufika.

Sheria inasema nini

Maadili hayachukui nafasi ya sheria. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ambayo watu wanaiita Code du travail, ni ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, na ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inahusu pia kampuni ndogo yenye vijana na kompyuta.

Kontra inatakiwa kuandikwa. Kama hakuna maandishi, kontra inachukuliwa kuwa ni ya muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo mwajiri anayekataa kuandika hajilindi, anajifunga.

Muda wa kujaribiwa hauwezi kupita mwezi 1 kwa mfanyakazi asiye na ufundi maalum, na miezi 6 kwa wengine. Kumweka kijana katika «staji» isiyo na mwisho huku anafanya kazi kama wenzake ni njia ya kuizunguka sheria.

Kontra yenye tarehe ya mwisho haiwezi kupita miaka 2, na inarudiwa mara moja tu. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa juma. Mwanamke anayejifungua ana haki ya konje ya uzazi ya juma 14, akipata theluthi mbili za mshahara. Mwajiri anapaswa pia kuwaandikisha wafanyakazi CNSS. Panapotokea mgogoro, mlango wa kwanza ni inspeksio ya kazi.

Na kuna sauti. Sendika ni haki. Hata katika kampuni ya watu 12, wafanyakazi wanaweza kumchagua mmoja wa kuwasemea, bila mkubwa kumchagulia. Mwaka 1941 ulionyesha gharama ya kutokuwa na njia hiyo.

Namna ya kuandika maadili yanayosimama

Kampuni inayotaka kuandika maadili yake haihitaji maneno kumi. Matatu yanatosha, kila moja likifuatwa na kitendo ambacho mtu anaweza kukikagua. Badala ya «uaminifu» peke yake: «Mteja anaambiwa habari mbaya siku hiyohiyo.» Badala ya «heshima»: «Mishahara inatoka kabla ya tarehe 5, ikishindikana, kila mtu anajulishwa siku kumi kabla na wakubwa wanalipwa mwisho.» Badala ya «kushirikiana»: «Kosa linaandikwa ndani ya saa 24, na aliyeliandika haadhibiwi kwa kuliandika.»

Yaandikwe kwa lugha ambayo watu wanazungumza kazini, Kiswahili au Kifaransa, si kwa maneno yaliyochukuliwa kwenye kampuni ya nje. Yajadiliwe na wafanyakazi kabla ya kupitishwa. Yasomwe tena kila mwaka, na lile ambalo halikufuatwa lifutwe, au lianze kufuatwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kijana anayeitwa kazini na kampuni mpya, Luano au mji mwingine wa mashariki, anaweza kuuliza kwa adabu. Kontra iko wapi, naweza kuisoma nyumbani kabla ya kusaini? Mwezi uliopita mishahara ilitoka tarehe ngapi? Mtu wa mwisho aliyekosea kitu kikubwa, ilikuwaje? Mtu wa mwisho aliyeondoka, aliondoka vipi, na anaweza kupigiwa simu? Nani anawasemea wafanyakazi? Je, nimeandikishwa CNSS?

Mkubwa akijibu bila kukasirika, hilo lenyewe ni habari. Akisema tu «usiogope, sisi ni familia», aulizwe tena kwa upole. Familia kila mtu anayo nyumbani kwake, na mwisho wa mwezi inamngojea arudi na mshahara.